Wafalme Saba wa Mzee Charo

Wanangu mnaojifunza usonara, mkiniuliza nimefua pete ngapi na bangili ngapi katika maisha yangu, sijui. Ninachojua ni kwamba nilikaa juu ya kigoda kimoja, katika duka moja dogo hapa Likoni, mpaka kigoda kikachukua umbo langu. Siku niliyofunga duka nilikitia motoni, kwa sababu hakuna mwingine ambaye angekikalia akastarehe. Sasa mkipita Mtongwe mkaniona barazani nimefumba macho, msidhani ninasinzia. Ninakumbuka kazi. Na ninachokikumbuka kuliko vyote si kitu nilichokifua. Ni sarafu saba za fedha nilizozishika kwa muda usiofika robo saa, nikazisingizia uongo.

Nitawaeleza ilivyokuwa, ila kwanza mnijue mimi ni fundi wa namna gani.

Nilianza kazi nikiwa mtu mzima, nimekwisha kufukuzwa katika kiwanda cha mikate kwa kuunguza mikate. Fundi Twalib, sonara wa Kisauni, alinichukua akisema kwamba mtu aliyewahi kuunguza mali ya watu huuogopa moto, na yeye alitaka mtu mwenye woga. Wiki ya tatu nikamthibitishia kwamba woga wangu hautoshi. Alinipa ushanga mkubwa wa fedha, vipande viwili vyenye uwazi ndani, niviunganishe kwa lehemu. Nikauziba vizuri mno, hata tundu la sindano sikuacha. Nilipourudisha motoni, hewa iliyokuwa ndani ilipanuka, ushanga ukapasuka kama fataki, na kipande kimoja kikaruka dirishani kikaangukia kwenye sufuria ya maharagwe ya jirani. Fundi Twalib hakunigombeza. Alinituma nikaombe radhi, na yule jirani akanikalisha chini nikala maharagwe yote, nikitafuta fedha ya watu kwa ulimi. Tangu siku hiyo, chochote chenye uwazi ndani nakitoboa kwanza ndipo nakipeleka kwenye moto. Nanyi fanyeni hivyo.

Mikono yangu ilifundishwa na Fundi Twalib, lakini macho na masikio yalifundishwa na mkewe, Bi Zena. Huyu mama alizaliwa kwenye nyumba ya masonara, baba na babu, na alikaa nyuma ya pazia la duka na kazi yake ya peke yake. Kila fedha iliyoletwa na mteja, iwe kikuku kilichovunjika au rupia ya zamani, ilipitishwa kwake kabla haijaguswa na nyundo. Aliidondosha juu ya sakafu ya saruji akasikiliza. Fedha safi hulia kwa muda, sauti ikatoka nyembamba na kwenda mbali. Iliyotiwa shaba nyingi hukata sauti mapema, kama mtu aliyezibwa mdomo. Kisha alichukua jiwe jeusi la kupimia, akaisugua fedha juu yake mara moja tu, ikaacha mchirizi. Mchirizi mweupe ni fedha safi. Ukielekea umanjano, mna shaba ndani. Ukiwa mwekundu, shaba ndiyo iliyomo na fedha imepita kusalimia tu. Akiwa na shaka alidondosha tone la tezabu, ile asidi kali yetu, na shaba yote iliyojificha ikajitokeza kwa povu la kijani.

Siku hizi kuna mashine inayopiga mwanga na kukwambia kila kitu, nami siidharau, mtaona. Lakini Bi Zena alikuwa na neno lake ambalo mashine haina. Alikuwa akizungumza Kimvita cha mababu zake, akaniambia, "Bakari, jiwe lajua neno moya: hiki ni kitu gani. Chatoka wapi na kwa nini, jiwe halijui. Hilo uliza weye."

Nilisema naam. Sikulisikia.

Basi miaka mingi ikapita, nikafungua duka langu Likoni, Fundi Twalib akafariki, nami nikawa ndiye fundi anayeogopwa na vijana. Ikawa asubuhi moja, miaka michache kabla sijafunga duka, akaja mama mmoja wa makamo kutoka Chaani, ng'ambo ile ya Changamwe. Jina lake Mama Kadzo. Alikuja na mwanawe wa kiume, Karisa, dereva wa malori ya makontena, na akina mama wawili wa kanisani kwake. Walikuwa wamevaa kama watu wanaokwenda kwenye jambo rasmi. Mama Kadzo alikuwa amefiwa na mumewe mwaka uliotangulia, na alitaka kujua jambo moja kabla hajawagawia watoto kile kidogo kilichobaki.

Alifungua mkoba akatoa utepe wa kitambaa cha turubai, ulioshonwa vifuko saba vidogo kwa uzi wa baharia. Katika kila kifuko mlikuwa na sarafu moja.

Mumewe, Mzee Charo, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Katika safari moja, alinieleza Mama Kadzo, mhandisi wa meli, mzee wa Kituruki, aliugua sana katikati ya bahari, na Charo ndiye aliyemuuguza siku zote mpaka wakafika bandari. Alimlisha, akamwosha, akamgeuza kitandani. Yule mzee hakuwa na cha kumpa isipokuwa sarafu hizo saba alizorithi kwa babu yake. Akamwambia ni fedha ya wafalme wa Rumi, amezipanga kwa zamu zao, wa kwanza mpaka wa saba, na asizichanganye. Charo akashona ule utepe. Akarudi nyumbani akiwa na furaha kuliko mtu aliyerudi na redio na baiskeli.

Maisha yake yote yaliyobaki aliwaambia watu kwamba ana wafalme saba nyumbani. Mtaani wakamwita Mzee Kaisari. Wengine walimwita hivyo kwa mapenzi, wengi kwa kumcheka. Karisa alikulia ndani ya kicheko hicho. Alipokuwa kijana alimwambia baba yake, mbele ya wageni, kwamba amezidi uongo, na tangu siku hiyo Mzee Charo hakuutoa tena ule utepe mbele yake. Haya Mama Kadzo aliyasema kwa utaratibu, mwanawe amesimama pale pale, anaangalia barabarani.

"Nataka kujua tu, fundi," akasema. "Ni za kweli au si za kweli."

Wanangu, mtu akikuuliza hivyo, na watu wanne wamekuzunguka wanangoja kinywa chako, chunga sana. Mimi nilijisikia mkubwa. Nilichukua jiwe, nikazitoa sarafu moja moja kwa mpango wake, nikazisugua ukingoni, mchirizi chini ya mchirizi.

Ya kwanza ilikuwa nyeupe kama maziwa. Ya pili vile vile. Ya tatu na ya nne bado nzuri, lakini zimepungua kidogo. Ya tano imeanza kugeuka. Ya sita ilikuwa manjano, kiasi ambacho nisingekubali kuitia hata kwenye kipini cha pua. Ya saba ilikuwa na uso wa mtu mwenye taji la miale kama jua, na huku na huku ikimeta kama fedha. Nikachukua tupa nikaikata ukingo. Chini ya ngozi hiyo nyembamba ilikuwa shaba nyekundu.

Nikaiweka mbele yao nikaigonga kwa ukucha. Nikawaeleza kama mwalimu. Mfalme gani wa Rumi, mwenye nchi yote ile, atatengeneza pesa ya shaba na kuipaka fedha juu? Hii ni kazi ya walaghai wa bandarini. Wametia mbili tatu nzuri mbele ili kumtega mnunuzi, kisha wakajaza takataka nyuma.

"Mama Kadzo," nikasema, "mumeo alidanganywa. Labda na yule mhandisi mwenyewe."

Hakulia. Alizirudisha sarafu kwenye vifuko vyake moja moja, na alitumia muda mrefu. Karisa alicheka kicheko kikavu, akasema, "Miaka yote hiyo, Mama. Miaka yote hiyo." Wale akina mama wawili wa kanisani wakatazamana. Nikawaambia kwamba zile mbili za kwanza naweza kuziyeyusha zikatoa jozi ya hereni, hata ukwaju wa kuzisugulia ninao hapa. Mama Kadzo akasema asante, hapana. Wakaondoka. Nami nikaendelea na kazi, nikipiga mluzi.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilivuka kwa feri nikaenda Mjambere kumjulia hali Bi Zena. Alikuwa mtu mzima sana, anaishi na mjukuu wake wa kike, macho yamefunikwa na ukungu. Lile jiwe la kupimia lilikuwa lake. Aliniachia nilipofungua duka, na kila nilipomtembelea alitaka nimpelekee alishike, kama mtu anavyotaka kushika mtoto. Basi nilikuwa nalo mfukoni. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, nikampa jiwe. Na kwa sababu nilitaka anisifu, nikamsimulia habari ya Mama Kadzo toka mwanzo mpaka mwisho.

Jiwe sikuwa nimelifuta. Michirizi saba ilikuwa juu yake bado.

Bi Zena alisogea dirishani, akaliinamisha jiwe kwenye mwanga, akaliinua mpaka karibu liguse pua. Akaniuliza kama nilizisugua kwa mpango nilioukuta kwenye utepe. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama yule baharia alikuwa sonara. Nikasema hapana. Akaniuliza kama aliwahi kuzipima kwa sonara mwingine. Nikasema hapana, mkewe amesema ni mara ya kwanza.

"Basi nani aliyezipanga hivi?" akaniuliza. "Mato yangu yamechoka, lakini nyeupe na nyekundu bado nazijua. Tazama. Hii yashuka daraja moya, na hii moya, na hii moya. Hakuna iliyoruka mahali pake. Weye wasema ni mlaghai. Mlaghai gani huyu aanzaye kwa fedha safi kushinda ya duka lako? Mlaghai huipaka shaba zote saba, akalala."

Akateremsha kidole chake juu ya jiwe polepole, toka mchirizi mweupe mpaka mwekundu, akasema.

"Hawa si watu wa soko, mwanangu. Hii ni khazina. Mtawala wa kwanza ana fedha. Aliyemfuata anayo. Kisha vita, au njaa, au majumba makubwa, sijui. Kila ajaye atia shaba kidogo, asema raia hawataona. Mpaka wa mwisho hana kitu, amebaki na rangi. Weye umeshika ufalme mzima ukianguka, ukamwambia mjane ni takataka."

Hakuwa amesoma habari za Warumi hata ukurasa mmoja. Aliyasoma hayo kwenye jiwe, na macho yake yale.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Chaani naulizia nyumba ya marehemu Mzee Kaisari. Mama Kadzo alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akanipa kiti, akaniletea chai. Nilipomwambia nimekuja kwa sababu ya sarafu, akaweka birika chini. Akasema siku ile ile waliyotoka dukani kwangu, Karisa alizitoa kwenye utepe akaziuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ili jambo hilo liishe kabisa nyumbani. Zilikwenda sita. Ya pili, mama aliichomoa akaificha kwenye pindo la leso, kwa sababu mumewe alimwambia kwamba huyo ndiye aliyekuwa mfalme wa Rumi wakati Yesu anatembea duniani. Uongo au kweli, alisema, hakuweza kuiuza kwa kilo.

Karisa alikuwa ndani, amepumzika baada ya safari. Akatoka ukumbini na fulana, nami nikamwambia yote mbele ya mama yake: michirizi, Bi Zena, kosa langu. Nilitarajia anitukane. Alivaa viatu tu, akatangulia nje, nami nikamfuata.

Jaa la vyuma lilikuwa kando ya barabara ya malori, milundo ya mabati, fremu za vitanda, injini zilizokatwa. Mwenye jaa alikuwa mtu wa bara, mpole. Alizikumbuka sarafu. Akaenda kwenye chumba cha mabati akarudi na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake, kati ya vijiko na kufuli za zamani, tukazikuta tano. Alizitenga kwa sababu zilikuwa nyeupe. Ile moja iliyobaki, yenye taji la miale, alisema, ilikuwa imekatwa ukingo ikaonyesha shaba, kwa hiyo aliitupa kwenye gunia la nyaya za shaba.

Aliyeikata ukingo alikuwa mimi.

Magunia ya shaba yalikuwa manne. Karisa alipiga magoti akayamwaga moja baada ya jingine, akachambua kwa mikono mitupu, nyaya zikimchana vidole. Nilichambua pamoja naye mpaka adhuhuri. Mwenye jaa alituacha kwanza, halafu akaona uchungu, akatuambia ukweli: gunia la juzi lilikuwa limekwisha pakiwa kwenye lori la kiwanda cha kuyeyushia. Karisa aliendelea kuchambua hata baada ya kuambiwa hivyo.

Nimevunja vitu vingi katika kazi, wanangu. Nimeunguza mkufu wa bibi harusi asubuhi ya harusi. Lakini vyote hivyo nilivifua upya. Sarafu ile ilipita mikononi mwa watu wasiohesabika, ikalala ardhini, ikavuka bahari kifuani mwa Charo, ikashinda kila kitu, kisha ikaishia kwenye tanuri kwa neno la mdomo wangu.

Mwenye jaa alikataa kuchukua zaidi ya alichotoa. Tukarudi na zile tano kwa Mama Kadzo, naye akaitoa ya pili kwenye leso, zikawa sita ndani ya utepe, na kifuko kimoja kitupu.

Mjukuu wa Bi Zena alimfahamu binti mmoja, Zuhura, aliyesomea mambo ya kale na sarafu zake. Mama Kadzo akaniamini nimpelekee sarafu. Mimi mzee nilikaa mbele ya msichana anayelingana na mjukuu wangu, nikafundishwa kushika sarafu: kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili ikiponyoka isiumie. Nikafundishwa kwamba uchafu mweusi ndani ya herufi ni ngozi yake, na aliyesugua kwa ukwaju amemchuna mtu. Nilinyamaza kuhusu ukwaju wangu.

Aliziweka chini ya kioo kikubwa akazisoma. Herufi zile nilizoziona kama mapambo zilikuwa majina. Ya kwanza Augusto. Ya pili Tiberio. Kisha Nero, Trayano, Antonino, Severo. Kila jina alipolitaja aliniacha nitazame. Pua ya Augusto imelainishwa na vidole vya watu mpaka inang'aa. Shingo ya Nero nene kama ya mbeba mizigo. Ndevu za Severo zimechongwa uzi mmoja mmoja, na aliyezichonga alikuwa fundi kama mimi, ameinama kwenye chuma cha kupigia chapa, hajui kwamba jicho langu litakuja kumwona.

Nilimuuliza ya kwanza ina umri gani. Akafikiria namna ya kunieleza, akasema, "Babu, Hijra ya Mtume ilipotokea, sarafu hii ilikuwa imekwisha kuwa kitu cha kale cha miaka mia sita."

Nilitoa kofia yangu nikaiweka gotini. Sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Akanieleza kwamba Warumi waliiita sarafu yao denario, na kwamba hilo ndilo neno lililopita kwa Waarabu likawa dinari, ile tuliyoisikia chuoni tangu utoto. Akanieleza kwamba hata pwani yetu ilijulikana zama zile, kwamba vyombo kutoka Misri ya Warumi viliteremka huku kununua pembe na magamba ya kasa, ingawa hizi sarafu za Charo zilikuja kwa njia yake mwenyewe. Kisha akazipitisha kwenye mashine yake ya mwanga. Kila sarafu ikatoa namba ya fedha iliyomo, na namba zikashuka vile vile, daraja kwa daraja, kama kidole cha Bi Zena kilivyoshuka juu ya jiwe. Zuhura hakuamini nilipomwambia kuna bibi kizee Mjambere aliyekwisha kuyasema hayo bila mashine wala kitabu. Aliniomba nimpeleke akamsalimie. Nilimpeleka, na hao wawili walizungumza mpaka mimi nikasahauliwa.

Niliporudi nyumbani siku ile nilijiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza katika kazi yote. Sisi husema fedha tukiwa na maana ya madini haya ninayofua, na husema fedha tukiwa na maana ya kile kilichomo mfukoni. Neno ni moja. Wafalme wale walichota fedha kutoka kwenye fedha mpaka likabaki jina peke yake, na watu wakaendelea kununua mkate kwa jina. Na sisi tunaendelea mpaka leo. Nimeshika tupa miaka yote hiyo, sikuwahi kuliona.

Zuhura aliniuliza kuhusu ya saba. Nikamwelezea taji la miale na ngozi ya fedha juu ya shaba. Akasema ni ya zama za mwisho za kushuka, hilo hana shaka, na ndiyo iliyokuwa ikiukamilisha mpango wote. Lakini wafalme waliovaa taji kama lile walikuwa wengi, na bila sarafu yenyewe hawezi kumtaja jina. Pengine halitajulikana.

Kosa nililolifanya mbele ya watu lilitaka kuondolewa mbele ya watu. Nikamwomba Mama Kadzo awaite wale wale waliokuwepo, na yeyote mwingine apendaye. Jumapili baada ya ibada nilikwenda Chaani. Chumba kilijaa akina mama wa kanisani, majirani, watoto wamebanwa mlangoni. Karisa alisimama nyuma, vidole bado vina plasta. Nilivaa kanzu safi. Utepe wa turubai uliwekwa juu ya meza, kwenye taulo jeupe.

"Niliwaambia Mzee Charo alidanganywa," nikasema. "Nilikosea. Mzee Charo alisema kweli tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyesema uongo, kwa kujiona najua."

Nikawaeleza kwa nini fedha inachafuka kadiri unavyokwenda mbele. Nikaanza kuzitoa. Nikamtaja Augusto. Nilipotoa ya pili, nikasema huyu ni Tiberio, na kwamba hakuna awezaye kusema sarafu hii ilipita mikononi mwa nani, lakini ni ya mfalme huyo na ya zama hizo. Mimi zama hizo naziita za Nabii Isa, nao wanaziita za Yesu. Mama mmoja aliuliza kama huyu ndiye yule Kaisari wa habari ya kodi, inayosomwa kanisani. Nikamwambia Zuhura amesema huenda ndiye. Akaomba aishike. Alipoiweka kwenye kiganja, mkono wake wa pili ukaja chini yake wenyewe, kama mtu aliyepewa kifaranga.

Nikamtaja Nero. Nikaitoa ya nne, nikafungua mdomo.

"Trayano," akasema Karisa kutoka nyuma.

Watu wakageuka. Nikamtazama mama yake, naye alikuwa ameshika leso mdomoni. Baadaye aliniambia kwamba Charo, mtoto wake alipokuwa mdogo wa kukaa mapajani, alimfundisha majina yote kama mtu anavyofundisha wimbo, na kwamba hakuyasikia tena nyumbani tangu Karisa alipokua.

Karisa akapita katikati ya watu mpaka mezani. Hakuniomba ruhusa. Alizitoa mwenyewe, akazishika kwa ukingo bila kufundishwa na mtu. "Antonino," akasema. "Severo." Alikuwa akiyatamka kibaharia, kwa lafudhi ya mtu mwingine.

Kisha akafika kwenye kifuko cha saba. Akaingiza kidole ndani yake, kikatoka kitupu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuwaambia watu kwamba huyu jina lake limepotea, na aliyelipoteza ni mimi. Karisa aliulaza utepe juu ya taulo, akaunyoosha, akaweka kidole chake chenye plasta juu ya kile kifuko.

"Galieno," akasema. "Wa saba ni Galieno. Baba alisema huyu asisahauliwe, kwa sababu ndiye aliyekuwa maskini."